Askari Arudipo Nyumbani

Vita vya Kagera vilipoanza Oktoba 1978, miongoni mwa waliopelekwa mstari wa mbele walikuwamo mgambo wengi, wakulima na vijana wa vijijini. Kampala ilitwaliwa Aprili 1979, nao waliporudi wakapokelewa kwa ngoma na vigelegele. Kisha shangwe ikanyamaza. Waliokufa twawakumbuka kila tarehe 25 Julai, na wengi wao wamelala Kaboya, Muleba, penye mnara wao. Bali yule aliye hai, mzee sasa, ashtukaye usiku akipiga kelele, majirani humwita mlevi au mwenye pepo.

Hesabu 31:19 yatupa neno gumu. (Sura yenyewe yatisha, wala hatuihubiri kwa wepesi.) Waliotoka vitani waliagizwa kukaa nje ya marago siku saba na kujitakasa, ndipo waingie. Hivyo hata washindi walihesabiwa kuwa wameguswa na mauti, na taifa lilikuwa na njia ya kuwarudisha. Sisi twamwombea askari aendapo, twamzika afapo. Kwa arudiye hatujazoea kuwa na ibada yo yote. Mchungaji na aanze kwa kumtembelea, akamsikilize pasipo kumwuliza aliua wangapi.