Mama aliona shimo letu, akauliza miti iko wapi

Hapa Buleusa watu wengi wanakula kwa kazi ya shimo, lakini hawajawahi kuona ndani ya shimo. Wake zetu, watoto wetu na wazee wetu wanajua udongo wa kwenye suruali, wanajua bei ya siku, na wanajua kilio cha msiba. Kule chini hawafiki. Kwenye karieri nyingi za Kivu desturi inamkatazia mwanamke kukaribia mdomo wa shimo. Wanasema madini yatakimbia.

Ndiyo maana sisi wa sendika tulishangaa siku ile mwalimu mmoja wa Goma, mtu anayefundisha vijana picha na video, alipotufikia na kamera ndogo ya kuingia mfukoni. Akatuambia: "Wakubwa, mukinipa ruhusa, shimo nitalileta mpaka ndani ya nyumba."

Kamera ile iko na macho mawili, moja mbele, lingine nyuma. Kila jicho linaona zaidi ya nusu ya vitu vinavyolizunguka, kisha programu inaunganisha picha mbili kuwa moja isiyo na mwanzo wala mwisho. Picha hiyo unaiweka kwenye telefone, na telefone unaiweka ndani ya miwani ya katoni yenye lenzi mbili. Ukigeuza kichwa kulia, unaona kulia. Ukiinua macho, unaona paa la shimo. Telefone inajua umegeuka kwa sababu ndani yake kuna kifaa kidogo kinachopima mzunguko. Telefone zingine za bei ya chini hazina kifaa hicho. Miwani yenyewe si ya matajiri: Google ilitoa mfano wake wa katoni mwaka 2014, na fundi mwenye kisu na lenzi anaweza kuikata. Mwalimu anaiita picha ya kuzama, juu mtu anazama ndani yake sawa ndani ya maji.

Tulibishana siku mbili. Picha ya shimo si mchezo. Mwaka 2021 video za watu wengi wakichimba mlima wa Luhihi, Kivu ya Kusini, zilizunguka dunia nzima, na serikali ya jimbo ikasimamisha uchimbaji pale. Hatusemi video njo ilifunga mlima. Tunasema mchimbaji anayepigwa picha hajui ile picha itafika kwa nani: kwa mnunuzi, kwa mtu wa kodi, kwa mwenye silaha, ao kwa kampuni inayotafuta mlima mpya. Mzee mmoja wa kamati aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu upesi: "Wazungu wametupiga picha miaka mingi. Ni picha gani ilirudi hapa?"

Mwalimu hakutuficha kitu. Alituhadithia juu ya Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, aliyezunguka Kivu na filamu ya Kodak iliyotengenezwa kwanza kwa kazi ya jeshi. Filamu ile inashika mwangaza ambao jicho la mtu haliuoni. Majani mabichi yanaurudisha kwa wingi, kwa hiyo kwenye picha milima yetu ya kijani inatoka rangi ya waridi. Mwaka 2013 kazi yake yenye jina The Enclave iliwakilisha Ireland kwenye maonyesho makubwa ya Venice, kule Italia. Watu walisimama ndani ya chumba chenye giza, skrini sita zikiwazunguka, vita ya kwetu ikipita kushoto na kulia. "Ni kazi kubwa," mwalimu alisema, "siitukani. Lakini wale walizama ndani ya maisha yetu, wakatoka, wakaenda kunywa kahawa. Mimi nataka mwenye shimo njo azame wa kwanza."

Kisha akamtaja Mkongomani. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, mwaka 2006 alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi wakati wa mkoloni, akaziweka juu ya picha mpya za magofu ya Gécamines. Babu zetu wa kazi wakaonekana wamesimama katikati ya vyuma vyenye kutu. Hapo tulianza kumusikiliza vizuri, juu ni habari ya wafanyakazi wenziwetu.

Fikra yake ya pili ilitokana na muziki. Goma kuna kituo cha utamaduni, Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo. Pale vijana wamejifunza video, muziki na dansi. Mwalimu anasema kazi ya namna ile ilimufundisha jambo moja: kijana hachoki kurudilia kitu anachokipenda. Akatupa mfano wa Yope, wimbo wa Innoss'B, mtoto wa Goma, uliotoka mwaka 2019 na kurudiliwa pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. "Mutoto wa hapa anajua dansi ya Yope yote, na hakuna mutu alimufundisha. Aliangalia mara makumi mawili kwenye telefone ya kaka yake. Juu ya nini somo la kukinga udongo usianguke mutu analisikia mara moja tu, kwenye mukutano, na jua kali?"

Tulicheka, lakini lilituingia. Tukakumbuka Machi 2020, wakati shule zote za nchi zilifungwa juu ya Corona. Mijini wengine walisomea kwenye intaneti. Radio Okapi nayo ikapeleka masomo hewani. Watoto wa machimbo, mwenye redio alisikia, asiye na redio akashika beleshi. Kwa hiyo tukamuuliza mwalimu: masomo ya mtandao yatatusaidia nini sisi, watu wa kupanda kilima kutafuta rezo, wa kununua mega kwa bei ya sabuni?

Akajibu: "Mutandao ni barabara tu. Barabara ikikatika, muzigo munabeba namna gani?"

Mgongoni. Kila mtu wa Walikale anajua hilo. Wimbo wa Innoss'B haukufika hapa kwa mtandao. Ulifika kwenye kadi memori, mfukoni mwa mtu wa piki, ukatoka telefone mpaka telefone. Somo nalo linaweza kusafiri vilevile. Linashushwa mara moja mjini, linabebwa, linagawiwa bure. Linahitaji batiri, halihitaji mega.

Tayari tulikuwa na mfano wa somo la namna hiyo bila kujua. Machi 2023, Kivu ya Kusini, shimo la dhahabu liliziba, na mtu mmoja akachimba kwa beleshi na kwa mikono mpaka wachimbaji tisa wakatoka hai, mmoja nyuma ya mwingine. Ile video karibu kila mchimbaji aliiona. Wote tulishangilia. Wachache walijiuliza: udongo ule uliachiwa na nini, na juu ya nini watu wa nje hawakuwa na kitu kingine zaidi ya beleshi? Huko Afrika ya Kusini, Chuo Kikuu cha Pretoria kilifungua mwaka 2015 kituo ambapo wanafunzi wa migodi wanazungukwa na picha ya mgodi, wanajifunza hatari zake kabla ya kushuka. Sisi tunajifunza tukiwa tayari chini.

Mwishoni tulikubali, kwa masharti matatu. Kwanza, kila telefone na kamera izimwe alama ya mahali, juu picha inaweza kubeba ndani yake namba zinazoonyesha kilima chenyewe. Pili, mtu yeyote anayeonekana aione picha kwanza, na akikataa ifutwe mbele yake. Tatu, nakala ibaki Buleusa. Na mtoto hapigwi picha kazini. Hilo lilituumiza, juu kusema hivyo ni kukubali kwamba watoto wako kazini.

Mwalimu alishuka kwenye shimo moja pamoja na wenye shimo. Jumapili tukakusanyika kwenye kivuli, miwani ya katoni ikapita mkono kwa mkono. Vijana walipiga kelele, wakishika hewa na mikono. Kisha ikafika kwa mama mmoja, bibi wa mchimbaji wa shimo lile lile. Akanyamaza. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akainua kichwa, akakaa hivyo muda mrefu. Alipotoa miwani hakumuangalia mwalimu. Alimuangalia PDG wa shimo.

"Baba, muliniambia muliweka miti ya kushikilia. Nimeangalia juu, nimeangalia pembeni. Miti iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Sisi wa sendika swali hilo tumeliuliza mara nyingi, na kila mara PDG anatujibu kwamba miti iko, sisi hatukuangalia vizuri. Siku ile hakuweza kusema hivyo, juu miwani ilikuwa inaendelea kupita, na kila mtu alikuwa anainua kichwa. Alisema miti ni bei, msitu uko mbali. Mama akajibu kwamba sanduku pia ni la mbao.

Juma lile wachimbaji walikataa kushuka kabla ya miti kufika. Ilifika siku ya nne. Haitoshi, na mashimo mengine bado. Hatutaki kumdanganya mtu: picha haizuii udongo. Kinachozuia udongo ni mti, na mti unaletwa na watu waliokataa kushuka bila mti.

Lakini tumeanza. Somo la pili litakuwa juu ya motopompa, ambayo wengine wanaishusha ndani ya shimo ili kutoa maji. Moshi wa mashine ile una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi, anaanguka, na anayemfuata kumuokoa anaanguka pia. Mashine ikae nje, mpira peke yake ushuke. Litakuwa somo fupi, la Kiswahili cha hapa, la kurudiliwa mara makumi mawili sawa dansi. Mwenye kadi memori alete. Akina mama, safari hii nyinyi njo mutaona wa kwanza.