Kikosi cha Msimu Ujao Hakianzi na Majina Mapya



Msimu wa ligi unapokaribia, hapa Cheyo huwezi kupita kwenye kijiwe cha kahawa wala cha bodaboda bila kusikia watu wakipanga kikosi. Mlinda mlango fulani, mabeki wanne, viungo wawili wa chini, na mbele kabisa yule mgeni aliyepigwa picha juzi ameshika jezi. Kila mmoja ana kikosi chake, na kila mmoja ana hakika nacho.

Mimi pia ni mmoja wa wapangaji hao, ila kosa langu lina uzito kuliko la wengine, kwa sababu mbele yangu pana kipaza sauti. Leo nataka nieleze kazi hii ya kubashiri kikosi inavyopaswa kufanywa. Kabla ya hapo, niungame.

Agosti 2023, Tabora United, timu iliyokuwa ikiitwa Kitayosce, ilikuwa imepanda Ligi Kuu. Mkoa wetu ulikuwa haujapata timu katika ligi hiyo tangu Rhino Rangers waliposhuka mwaka 2014, baada ya kukaa msimu mmoja tu. Mji ulikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na furaha. Wiki ya mchezo wa kwanza, dhidi ya Azam kule Chamazi, nilisoma redioni majina kumi na moja. Sikusema "huenda" wala "ikiwezekana". Niliyasoma kana kwamba kocha mwenyewe alikuwa amenipa karatasi.

Mnakumbuka kilichotokea. Timu iliingia uwanjani na wachezaji wanane. Wengi wa waliosajiliwa hawakuwa na ruhusa ya kucheza, kwa kuwa usajili wao ulikuwa haujakamilika. Azam walifunga mabao manne upesi upesi, matatu yakiwa ya Feisal Salum. Wachezaji wetu wawili wakashindwa kuendelea, wakabaki sita, na sheria ya mpira inasema mchezo hauanzi wala hauendelei timu ikiwa na wachezaji pungufu ya saba. Mwamuzi akapuliza filimbi ya kumaliza kabla hata dakika ishirini hazijatimia.

Siku ya pili yake kijana mmoja wa bodaboda alinikuta nje ya duka. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba aliwekeana dau na mwenzake kijiweni kuwa Tabora hawatafungwa. Fedha aliyoweka ilikuwa hesabu ya tajiri wake, ya siku tatu. "Nilikusikia ukiwataja, mzee. Nikasema kwa kikosi kile hatufungwi." Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Tangu siku ile nimejiuliza: kosa langu lilikuwa wapi? Mpira si hesabu, kila mtu anakosea. Lakini mimi sikukosea mpira. Nilikosea utaratibu. Nilianza na majina mapya, wakati majina mapya ndiyo ya mwisho kuandikwa.

Utaratibu wenyewe ni huu.

Kwanza, anza na waliobaki. Chukua karatasi, chora uwanja, andika majina ya waliocheza mechi nyingi msimu uliopita, kila mtu mahali pake. Kisha futa walioondoka: aliyemaliza mkataba, aliyeuzwa, aliyekuwa kwa mkopo akarudi kwao. Mapengo yatakayobaki ndiyo yatakayokuonyesha timu inahitaji nani. Kinachotokea vijiweni ni kinyume chake. Tunasikia timu imesajili washambuliaji watatu, tunafurahi, hatuulizi beki wa kushoto yuko wapi.

Mfano ni Offen Chikola. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga mabao 3-1 kule kule Chamazi, na Chikola alifunga mawili. Siku nane baadaye Yanga iliachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Ushindi wa namna hiyo mji haupati mara nyingi, na watu waliubeba kichwani mwaka mzima. Lakini timu ndogo ikiifunga timu kubwa, timu kubwa huuliza jina la mfungaji. Kufika katikati ya mwaka 2025 Chikola alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Aliyetaka kupanga kikosi cha Tabora cha msimu wa 2025/26 alipaswa kwanza kufuta jina hilo, hata kama mkono ulikuwa unamtetemeka. Ipo kanuni hapa: mchezaji aliyekupa furaha kubwa msimu uliopita ndiye ambaye huna uhakika naye msimu ujao.

Pili, uliza karatasi. Hapa ndipo nilipoangukia mwaka 2023. Picha ya mchezaji akiwa ameshika jezi haimruhusu kucheza. Mchezaji anayetoka nje ya nchi huhitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, ambayo chama cha soka cha nchi anakotoka hukitumia chama cha huku kupitia mtandao wa FIFA. Huhitaji pia kibali cha kazi na cha kuishi nchini. Kisha, awe mgeni au mzawa, lazima apate leseni ya kucheza. Karatasi moja ikikwama, mchezaji hukaa jukwaani na suti yake. Na klabu inayodaiwa na mchezaji au kocha wa zamani, ikashindwa kesi FIFA na isilipe, inaweza kufungiwa kusajili mpaka deni liishe. Kwa hiyo anayebashiri kikosi afuatilie habari za madeni kama anavyofuatilia habari za magoli.

Aidha, kuna hesabu ya wageni. Misimu ya karibuni klabu za Ligi Kuu zimeruhusiwa kusajili wageni wasiozidi kumi na wawili. Ukisikia timu yenye wageni kamili inamleta mwingine, usimwongeze tu kwenye karatasi yako. Uliza nani anatoka. Mara nyingi jibu la swali hilo huja kabla ya tangazo la klabu, kwa yeyote anayesikiliza vizuri.

Tatu, mtazame kocha. Kila kocha ana mpango wake, na mpango huchagua watu. Anayetaka mabeki watatu wa kati atamtoa winga uliyempenda. Anayetaka kukaba kuanzia mbele hatampanga mshambuliaji mzito, hata awe na jina. Shida ya timu zetu ni kwamba makocha hawakai. Msimu wa 2024/25 Tabora United ilianza na Francis Kimanzi wa Kenya, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya Anicet Kiazayidi wa Kongo. Aliyebashiri kikosi cha Kimanzi, hata kama alipatia kila jina, ubashiri wake ulikuwa umekwisha kazi ilipofika Novemba. Kocha akiwa mpya, usisome magazeti yanayosema atapanga nani. Tazama alivyopanga alikotoka.

Nne, hesabu miili na kadi. Yanga ile iliyofungwa na Tabora haikuwa na beki wake Ibrahim Hamad, yule tunayemwita Bacca. Siku tano kabla alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu katika mchezo na Azam. Anayesoma kikosi kwa majina makubwa tu hakuliona pengo lile. Anayesoma kwa nafasi aliliona, akajua kwamba pale katikati patakuwa na mtu ambaye hajazoea kuelewana na mwenzake.

Ndugu msomaji, mambo haya si mageni katika mji huu. Tarehe 7 Novemba 1857 Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, wakitoka pwani. Walidhani watapumzika kidogo na kuendelea kwenda ziwani. Lakini wapagazi wao Wanyamwezi walikuwa wamefika kwao. Ahadi yao ilikuwa imekwisha, wakatua mizigo wakaenda majumbani. Msafara ukakaa hapa zaidi ya mwezi, ukitafuta watu wapya. Tangu enzi hizo Tabora ni mahali ambapo msafara unavunjwa na kupangwa upya. Mkuu wa msafara aliyejua kazi yake hakuwahesabu watu aliotoka nao Bagamoyo. Aliwahesabu walioshika mizigo asubuhi ya kuondoka. Kikosi cha mpira nacho ni hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi watangazaji hatulisemi, nalo ni la hesabu. Tuseme mimi ni mjuzi sana, na kwa kila nafasi nina uwezo wa kupatia mara nane katika kumi. Huyo ni mbashiri hodari. Je, nafasi yangu ya kupatia wote kumi na moja kwa pamoja ni ipi? Unazidisha nane ya kumi kwa nane ya kumi, mara kumi na moja. Jibu ni chini ya tisa katika mia. Yaani mtu hodari namna hiyo akibashiri vikosi mia moja, atapatia kikamilifu visivyofika tisa. Hata angekuwa anapatia tisa katika kumi kwa kila nafasi, kikosi kizima angekipatia takriban mara thelathini na moja katika mia.

Lakini tazama upande wa pili. Mtu huyo huyo wa nane katika kumi, kwa wastani atapatia majina karibu tisa kati ya kumi na moja. Kwa hiyo ubashiri si upuuzi. Unafaa kabisa kukuonyesha timu imekaaje, wapi ni imara na wapi pana tundu. Haufai kuwekewa hesabu ya tajiri.

Ndiyo maana siku hizi sisomi tena majina kumi na moja kwa mkupuo. Nayagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la walio na uhakika: mkataba upo, leseni ipo, afya ipo, na kocha amekuwa akiwapanga. Kwa timu ya kawaida mwanzoni mwa msimu, usishangae wakiwa watano tu. Fungu la pili ni la wanaogombea nafasi, na hapo nataja majina mawili kwa kila nafasi, nikieleza nani anampita mwenzake na kwa nini. Fungu la tatu ni la wanaosubiri karatasi. Hawa nawataja kwa jina la fungu lao: wanaosubiri. Hata awe amefunga mabao ishirini kwao, hata mapokezi yake stesheni yawe na ngoma, anabaki fungu la tatu mpaka leseni itoke.

Wapo wanaoniambia kwamba kipindi kimepoa. Wanasema zamani nilikuwa natoa kikosi kamili, sasa natoa maelezo. Nakubali kimepoa. Lakini wengi wanaonisikiliza ni vijana ambao simu zao zina mikeka ya kubeti, na sauti ya redioni kwao ni kama neno la mtaalamu. Daktari asiyejua ugonjwa hatakiwi kuandika dawa kwa sababu tu mgonjwa anapenda kuandikiwa.

Timu yetu nayo imeendelea kubadilika. Mwaka 2023 iliacha jina la Kitayosce, na mwaka 2025 ikaacha la Tabora United na kuitwa TRA United. Jina likibadilika, mwenye klabu akibadilika, kocha akibadilika na wachezaji wakibadilika, mshabiki wa Cheyo hubaki na kitu kimoja tu: njia ya kwenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Anastahili kuambiwa kweli kuhusu atakaowakuta huko.

Yule kijana bado ana pikipiki, ingawa si ile. Ilimchukua miezi kadhaa kuyamaliza na tajiri wake. Nikikutana naye huniuliza, "Mzee, mwaka huu kikosi kikoje?" Namjibu, "Nina watano. Wengine nasubiri karatasi." Hucheka, huwasha pikipiki yake, akaenda zake.

Nawe msomaji, msimu ukikaribia, panga kikosi chako, ni starehe yetu sote. Chora uwanja, futa walioondoka, uliza karatasi, mtazame kocha, hesabu kadi. Majina mapya yaandike kwa penseli.

Hadi juma lijalo, kwaherini.