Amana ya Mkimbizi: Asirudishwe Alikokimbia

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, hivi karibuni tulikuwa mjini Karatu. Baada ya sala ya Ijumaa, tukiwa bado barazani mwa msikiti, kijana mmoja anayeendesha magari ya watalii kwenda Ngorongoro alitusogelea kwa adabu, akasema: "Sheikh, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wakimbizi waliokaa kwetu miaka na miaka, kuna ubaya gani wakiambiwa warudi kwao?" Swali hilo halikuwa la chuki, na wengi wanalo vifuani mwao. Tumeona ni wajibu kulijibu hapa.

Kwanza tuitazame methali yenyewe. Wahenga walisema mgeni apewe jembe. Hawakusema arudishwe kwa simba aliyemkimbia.

Somo la Tengeru

Barabara aipitayo kijana wetu, ishukayo kutoka Karatu hadi Mto wa Mbu, ikapita Makuyuni na mji wa Arusha, ukiifuata kuelekea Moshi itakufikisha Tengeru. Hapo, kuanzia mwaka 1942, katika ardhi ya Wameru, walihifadhiwa Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Dola ya Kisovieti ilikuwa imewang'oa majumbani mwao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Kisha wakapitia Iran hadi kufika kwetu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, likazuka swali lile lile la kijana wa Karatu: kwa nini wasirudi kwao? Lakini sehemu ya mashariki ya Poland, walikotoka wengi wao, ilikuwa imetiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, yaani mikononi mwa wale wale waliowahamisha. Tarehe 12 Februari 1946, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kwamba mkimbizi mwenye sababu ya haki ya kutorejea, akiisema kwa uhuru na huku akiijua hali ya kwao, asilazimishwe. Wengi wa watu wa Tengeru walipata makazi Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi ya wenzao waliofia hapa yapo mpaka leo.

Msingi huo ukaingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 33, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1964. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza uzito: hata kumzuia mkimbizi mpakani na kumsukuma arudi kwenye hatari ni marufuku, na kurejea kwao kuwe kwa hiari. Na hiari si saini kwenye karatasi tu. Mtu aliyepunguziwa chakula na kufungiwa soko, kisha akaambiwa ajiandikishe kurudi, hiari yake iko wapi?

Mafundisho ya dini yetu

Sisi Waislamu hatukuanza kulijua jambo hili mwaka 1951. Maswahaba walipokimbilia Uhabeshi, Maquraishi walimtuma Amr bin Al-As na mwenzake, pamoja na zawadi, ili warudishiwe watu wao. Najashi, aliyekuwa Mkristo wakati ule, hakuamua kabla ya kuwasikiliza waliokimbia. Alipomsikia Jaafar bin Abi Talib alikataa kuwatoa, na zawadi akazirudisha. Katika Sura At-Tawba, aya ya 6, Allah (S.W.) anaamrisha kwamba hata mshirikina akiomba himaya apewe, apate kuyasikia maneno ya Allah, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Amri haiishii kwenye kupokea. Inaishia kwenye usalama wake.

Mwenye elimu atatukumbusha habari ya Abu Jandal, aliyerudishwa kwa watu wa Makka kwa ajili ya Mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Ni kweli, na Maswahaba waliumia mno siku ile. Mtume (S.A.W.) aliomba aachiwe, mjumbe wa Maquraishi akakataa, na ahadi ikatimizwa. Lakini alipokuja Umm Kulthum binti Uqba, na ndugu zake wakamfuata, hakurudishwa, kwani aya ya 10 ya Sura Al-Mumtahina ilikataza kuwarudisha wanawake waumini kwa makafiri. Zingatieni basi: kilichomrudisha Abu Jandal ni ahadi iliyofungwa. Leo ahadi zilizofungwa na nchi yetu zinasema kinyume chake, kwamba asirudishwe. Anayeshika hoja ya Hudaybiya, hoja hiyo yamwelekea yeye mwenyewe.

Mzigo na mizani

Hatusemi kwamba mzigo ni mwepesi. Tarehe 28 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Misitu ilikatwa, na ndani ya makambi walijificha wauaji wa mauaji ya kimbari. Nchi yetu ilichoka. Desemba 1996 walitakiwa wawe wameondoka ifikapo tarehe 31. Waliotoroka makambi kuelekea ndani ya nchi waligeuzwa na askari, na karibu nusu milioni wakavushwa mpaka. Wauaji walistahiki kutengwa na kufikishwa mahakamani, kwani sheria yenyewe haiwahesabu kuwa wakimbizi. Lakini wajane na watoto waliokuwa katika misafara ile hawakupata nafasi ya kuulizwa mmoja mmoja, kama Najashi alivyowauliza wageni wake. Na mkataba wa 1969 unaielekeza nchi iliyolemewa iziombe nchi nyingine za Afrika zisaidie kuubeba mzigo.

Nchi hii hii inajua pia kutoa jembe. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakajilisha. Na zaidi ya 160,000 miongoni mwao na vizazi vyao wamepewa uraia. Hiyo ndiyo maana ya methali.

Tena tusidhani sisi ni wenyeji siku zote. Baada ya mauaji ya Januari 2001, zaidi ya ndugu zetu 2,000 wa Zanzibar, hasa wa Pemba, walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakapokewa. Na Juni 2022, zoezi la kuweka mipaka ya ardhi lilipozua mapambano Loliondo, wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, baadhi ya Wamaasai walivuka kuingia Narok. Wale ni majirani wa kijana wetu wa Karatu. Je, angependa waliobisha hodi Narok wageuzwe njiani usiku ule ule?

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu kwamba himaya ni amana, na uzito wake huonekana siku mwenyeji amechoka. Kabla ya kumwambia mtu arudi kwao, tumuulize kwanza alikimbia nini, na tumsikilize mpaka amalize.

Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.