Tunachangia chungu, sahani hatupewi

Hapa Adelphi, Maryland, kuna wenzetu wanaosema, "Wapunguze tu misaada, watu wafanye kazi." Jamani, tuangalie vizuri. Wengi wetu hukatwa asilimia 6.2 ya Social Security kila mshahara. Lakini wenye grini kadi wengi husubiri miaka 5 kabla ya kupata stempu za chakula. Sheria ya Julai 2025 ikawaondoa hata wakimbizi ambao hawajapata grini kadi. Anayechangia chungu si ombaomba.

Sheria hiyohiyo, tangu Januari 2026, inamkata asilimia 1 anayetuma hela nyumbani kwa keshi. Ukituma kutoka akaunti ya benki, hukatwi. Basi fungua akaunti, na kila dola 300 unazotuma, zile 3 ulizookoa weka akiba. Msaada wa serikali usiutegemee.