Kodi ya Chuo Kikuu Binafsi: Uzito wa Neno "Daima" katika Sheria

Mwaka 1855, Bunge la jimbo la Illinois nchini Marekani lilirekebisha hati iliyokianzisha Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1851, na kutamka kwamba mali yote ya chuo hicho, ya aina yoyote, haitatozwa kodi daima. Chuo hicho binafsi kilikuwa bado kichanga, na msamaha huo ulikisaidia bila Serikali kutoa fedha taslimu.

Baadaye chuo kilimiliki viwanja visivyokuwa na madarasa wala mabweni. Vilikodishwa, na mapato yake yakagharamia masomo. Mwaka 1872, jimbo lilitunga sheria ya kuisamehe mali ya shule iwapo tu haikodishwi wala haitumiki kwa faida. Viwanja hivyo vikatozwa kodi, na mgogoro ukafika mahakamani.

Mahakama ya Juu ya Illinois iliipa ushindi Serikali. Kwa mtazamo wake, Katiba ya jimbo ya mwaka 1848 iliruhusu kusamehe mali inayotumika moja kwa moja kwa elimu pekee, hivyo Bunge la 1855 lilivuka mamlaka yake.

Rufaa ilisikilizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani katika muhula wa Oktoba 1878. Jaji Samuel Miller, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba kiwanja ambacho pato lake linaendesha shule nacho ni mali kwa ajili ya shule. Aidha, msamaha wa 1855 ulikuwa mkataba, na Katiba ya Marekani inayazuia majimbo kutunga sheria za kudhoofisha wajibu wa mikataba. Chuo kikashinda.

Miaka michache kabla ya hapo, katika shauri la kodi la Chuo Kikuu cha Washington, jimboni Missouri, Miller huyo huyo alikuwa miongoni mwa majaji watatu waliopinga uamuzi wa wenzao. Hoja yao ilikuwa kwamba Bunge moja haliwezi kuyanyang'anya mabunge yajayo mamlaka ya kutoza kodi.

Hoja hiyo ilishindwa, lakini inastahili kukumbukwa. Mali isiyolipiwa kodi bado huhitaji barabara na zimamoto, na gharama hizo huwaangukia walipakodi wengine. Kwa hiyo, sheria ya msamaha haina budi kubainisha mambo matatu: mali ipi, kwa matumizi gani na kwa muda gani.