Mteremkoni, usitoe gia

ARUA. Lita ya mafuta inayouzwa Arua imesafiri kutoka pwani ya bahari, ikapita Kampala, kisha ikakata karibu kilomita 500 zaidi. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Ariwara kupitia Vurra, au Sudan Kusini kupitia Koboko na Oraba, anailipia safari hiyo yote. Ndiyo maana baadhi ya madereva, wakifika mteremkoni, hutoa gia na kuliacha gari liteleze fri. Wanaamini wanabana mafuta.

Kwa magari mengi ya leo, hesabu hiyo imegeuka.

Gari lenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta hutambua dereva akiondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikiwa imepata moto, gia ikiwa ndani na mizunguko ikiwa bado juu, kompyuta hukata mafuta kabisa. Injini haizimiki, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha kupitia gia boksi. Mizunguko ikishuka, kwa mengi kati ya 1,000 na 1,500 kwa dakika, mafuta hurudi.

Gari likiwa fri, magurudumu hayaisaidii tena injini. Lazima inywe ili isizime. Gari dogo la petroli hutumia takribani lita 0.6 hadi 1 kwa saa likinguruma tu.

Hasara kubwa zaidi ni breki. Bila gia, mzigo wote unashikwa na breki peke yake. Zikipata moto sana, hupoteza nguvu. Anayezima injini kabisa hujitia hatarini zaidi: usukani huwa mzito, na breki hukosa msaada wa injini baada ya kukanyagwa mara chache.

Kanuni ni rahisi. Ukiona tuta, kizuizi cha polisi au soko mbele, ondoa mguu mapema na uache gia ilipo. Kwenye mteremko mkali, shuka kwa gia ndogo. Mahali pa tambarare ambapo hutaki kupunguza mwendo, endelea kukanyaga kidogo, maana gia italivuta gari nyuma.

Lori la dizeli lenye pampu ya zamani nalo hukata mafuta likishuka ndani ya gia. Wenye magari au bodaboda za kabureta hawapati faida hiyo, kwani kabureta kwa kawaida huendelea kupitisha mafuta. Lakini hata kwao, injini ikiwa ndani ya gia husaidia breki.

Akiba ya mteremko mmoja ni ndogo. Mwenye gari anayekwenda na kurudi kila wiki ataiona kwenye mafuta, na zaidi kwenye bei ya breki. Na kwenye foleni ya mpakani, ambapo gari limesimama, hapo ndipo pa kuzima injini.