CCD na CMOS: Jicho la Kamera ya Kiwandani kwa Kiswahili

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Lugha rasmi haina budi kufika kiwandani pia, si kuishia darasani. Makala haya yanaeleza kifaa kimoja, yaani kihisi picha cha kamera ya kiwandani, na kuonyesha kwamba hatuwezi kuteua istilahi ifaayo kabla ya kuelewa kazi ya kitu chenyewe.

Tuanze na kahawa. Katika viwanda vinavyoandaa kahawa ya kuuza nje, punje nyeusi huondolewa kwa mashine ya kuchambua kwa rangi. Punje huporomoka mbele ya kamera. Ikionekana yenye kasoro, mashine huipuliza kwa hewa na kuitupa kando. Yote hutendeka kufumba na kufumbua. Kamera ikikosea, punje mbovu huingia guniani na kushusha bei, au punje nzuri hutupwa bure.

Kihisi cha kamera hiyo ni kipande cha silikoni chenye vijumba vidogo sana viitwavyo pikseli. Mwanga ukiangukia pikseli huzalisha chaji ya umeme. Mwanga ukizidi, chaji nayo huzidi. Hadi hapa aina zote mbili hufanana. Tofauti iko katika kuipima chaji hiyo.

Chukulia wavunaji waliojipanga shambani, kila mmoja na kahawa yake. Katika CCD, kila mmoja humpokeza jirani yake mpaka kahawa yote ifike kwenye mizani moja iliyo mwishoni. Kwa kuwa mizani ni moja, vipimo hulingana. Lakini kazi huchelewa, na kupokezana huko hutumia umeme mwingi. Katika CMOS, kila mvunaji ana mizani yake. Kazi huenda haraka na umeme hupungua. Hata hivyo, mizani nyingi hazikosi kutofautiana kidogo, na ndiyo maana picha za CMOS za awali zilijaa chengachenga.

CCD ilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika Maabara za Bell, Marekani; walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. CMOS ya kisasa ilitokana na kazi ya Eric Fossum na wenzake katika miaka ya 1990. Kasoro zake zilirekebishwa hatua kwa hatua, hata mwaka 2015 Sony ikatangaza kwamba ingeacha kutengeneza CCD. Hii haina maana kwamba CCD imekufa: kamera ya Kituo cha Rubin nchini Chile, kilichotoa picha zake za kwanza mwaka 2025, ina vihisi 189 vya aina hiyo.

Aidha, mnunuzi wa kamera ya kiwandani aulize swali jingine: je, pikseli zote hupokea mwanga kwa pamoja, au mstari baada ya mstari? CMOS nyingi za simu hufuata njia ya pili. Ukiwa ndani ya teksi inayokimbia katika barabara ya Jinja, piga picha ya nguzo ya umeme iliyo karibu. Huenda ikaonekana imeinama. Chupa inayopita kwa kasi kwenye mkanda wa kiwanda hupatwa na hali hiyo hiyo, na mashine ikaikataa bila kosa. Hapo hutakiwa CMOS inayopokea mwanga kwa pamoja. Mashine nyingi za kahawa, kwa upande wake, hutumia kihisi chenye mstari mmoja tu wa pikseli, nazo punje zenyewe hupita mbele yake.

Basi, mfasiri anayeandika "kamera ya kidijitali" kila mahali hajamsaidia fundi. Maneno tunayo: kihisi, chaji, kupokezana, mizani. Hata "chenga", neno la vipande vya mchele uliovunjika, limeshahamia kwenye picha iliyoharibika, wala halikusubiri kamati. Tunawashauri wanafunzi wa tafsiri watembelee kiwanda kilicho karibu, wasikilize mafundi wanavyoita vifaa vyao, ndipo wafungue kamusi.